Mbona watoto wa kwenye filamu wanakua bila wazazi?

Swali: *Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha tatu, na likizo nzima ameshinda na filamu za vijana wa Kimarekani. Nimekaa naye nikatazama tatu. Katika zote, wazazi ama hawapo ama ni wajinga, na zote zinaishia kwenye dansi ya shule, busu, au gari linaloondoka kwenda chuo. Je, ndivyo filamu zinavyoelewa mtoto kuwa mtu mzima? Na zipo zinazoonyesha vingine, hasa za huku kwetu?* (Mama, Tanga)

Jibu:

Dada yangu, umegusa penyewe ulipoanza na wazazi. Wengi wanaoniandikia kuhusu filamu hizi huanza na mabusu. Mimi naona zito zaidi ni hilo lako: katika filamu ya vijana ya Kimarekani, mtoto huvushwa kuingia utu uzima na watoto wenzake, na mkubwa ambaye angemvusha hayupo, amelewa, yuko kazini, au amewekwa pale achekwe. Dansi, busu na gari vinatokana na hilo.

Sababu ya kwanza ni biashara. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Marekani walibaki shuleni mpaka miaka 17 au 18, wakiwa na hela kidogo mfukoni, na baadhi wakiwa na gari. Wakati huohuo televisheni iliwakalisha wazazi wao sebuleni. Kumbi za sinema zikapungukiwa watu wazima, na studio zikaanza kumtengenezea filamu mteja aliyebaki. Mteja huyo hakulipa kiingilio ili amwone baba yake akitoa hekima.

*Rebel Without a Cause* ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Nicholas Ray, ndiyo iliyoweka mfano ambao wengine wameufuata mpaka leo. Kijana Jim Stark, mgeni katika shule moja ya Los Angeles, anamwendea baba yake na swali la kweli: mtu afanye nini heshima yake ikichezewa? Baba, aproni kiunoni, anamshauri waandike orodha ya faida na hasara. Kijana anaondoka bila jibu. Baadaye yeye, msichana Judy na mvulana Plato wanajificha kwenye jumba lililohamwa na kucheza mchezo wa baba na mama, Plato akiwa ndiye mtoto. Alfajiri polisi wanampiga Plato risasi. Yote hayo yanatokea ndani ya takriban siku moja. James Dean, aliyeigiza Jim, alikufa kwa ajali ya gari tarehe 30 Septemba 1955, akiwa na miaka 24, filamu ikiwa bado wiki chache kutoka. Tangu hapo sura ya kijana mwenye uchungu na mzazi asiyefaa haijaondoka Hollywood.

Sasa linganisha na tunayoyajua. Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtafiti wa mila aliyeandika kwa Kifaransa, alisema ibada za kuvuka rika zina hatua tatu: mtu hutengwa na watu, hukaa katika hali ya kati ambapo si wa huku wala wa kule, kisha hurudishwa akiwa na hadhi mpya. Bibi yeyote aliyechezwa unyago angemweleza hayo bila kitabu. Mwari anaingizwa ndani, makungwi wanamfunda, kisha siku inafika anatolewa nje kwa ngoma na vigelegele.

Ichukue *The Breakfast Club* ya John Hughes, ya mwaka 1985, uipime kwa kipimo hicho. Wanafunzi watano wasiojuana wanafungiwa kwenye maktaba ya shule siku ya Jumamosi, tarehe 24 Machi 1984, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Hilo ni kumbi kabisa, kama la jando au unyago. Lakini mwalimu aliyewafungia, Vernon, hana la kuwafunda. Anatisha, anarudi ofisini. Wakishabaki peke yao wanaketi sakafuni na kila mmoja anatoa siri ya nyumbani kwao: kipigo, kupuuzwa, kulazimishwa kufaulu. Wanafundana wenyewe. Wazazi tunawaona asubuhi na jioni tu, kwenye magari wakishusha na kuchukua.

Tatizo linakuja kwenye hatua ya tatu. Watarudishwa kwa nani? Nje ya maktaba hakuna mtaa unaowasubiri. Brian, mwenye akili za darasani, ndiye anayeuliza: Jumatatu tukikutana koridoni, tutasalimiana? Claire, binti wa kitajiri, anamjibu ukweli kwamba haitakuwa hivyo. Swali hilo ndilo bora kuliko yote katika filamu ile, na Hughes alilikwepa kwa kuimaliza hadithi jioni ya Jumamosi.

Ndipo dansi inapoingia. Prom, ile dansi ya mwisho wa mwaka wa shule, ni kutolewa nje kwao: mavazi maalumu, picha, na umma wa kushuhudia. Leseni ya udereva, ambayo katika majimbo mengi hupatikana ukiwa na miaka 16, nayo ni cheti cha serikali kwamba umekua. Tofauti na kwetu iko kwa shahidi. Mwari hutolewa mbele ya wakubwa, nao ndio wanaosema huyu sasa ni mtu mzima. Kwenye prom mashahidi ni wenzake wa darasani, na wenzake wana kipimo kimoja tu, macho. Gauni gani, ameshikwa mkono na nani.

Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini filamu nyingi mno za aina hii zina msichana anayevuliwa miwani, akafumuliwa nywele, akawa mtu. Katika *The Breakfast Club* ni Allison, yule mkimya wa makoti meusi. Claire anampamba chooni na ghafla mwanariadha anamwona. Dakika zile mbili zinaharibu saa nzima ya kazi nzuri. Allison alikuwa ndiye mwenye mawazo ya kushangaza kuliko wote mle ndani, na filamu inamlipa kwa utepe wa nywele.

Kisa cha *Pretty in Pink*, ya mwaka 1986, kinaonyesha kwamba hata nyuma ya pazia mashahidi walikuwa rika. Hughes aliiandika hivi: Andie, msichana wa familia maskini, anaimaliza prom akiwa na Duckie, rafiki yake wa siku zote. Filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, nao hawakuutaka mwisho huo; walitaka aende na Blane, mvulana tajiri aliyekuwa amemkana. Studio ikarudia kupiga mwisho mpya. Andrew McCarthy, aliyeigiza Blane, alikuwa ameshanyoa kichwa kwa ajili ya kazi nyingine, kwa hiyo pale kwenye mwisho amevaa wigi. Mwambie binti yako alitafute hilo wigi; linaonekana.

Kuna la kumwambia pia kuhusu miili. Stockard Channing alikuwa na miaka 33 alipoigiza mwanafunzi Rizzo katika *Grease*, iliyotoka 1978. Watayarishaji hupenda watu wazima kwa sababu ya kawaida kabisa: sheria za kazi za watoto hupunguza saa ambazo mwigizaji mdogo anaweza kukaa kwenye seti, na lazima apewe masomo. Basi msichana wa miaka 15 anayejilinganisha na "mwanafunzi" wa kwenye skrini mara nyingi anajilinganisha na mwanamke wa miaka 25 aliyepambwa na mafundi watatu. Kinyume chake ni *Eighth Grade* ya Bo Burnham, ya mwaka 2018. Elsie Fisher alikuwa na miaka 14 wakati wa kupiga picha. Ana chunusi, anakwama akiongea, na simu yake haimtoki mkononi. Ajabu ni kwamba filamu hiyo ilipewa daraja linalowazuia walio chini ya miaka 17 kuiona kumbini bila mkubwa, maana yake wale iliyowazungumzia walihitaji kusindikizwa.

Katika *The Breakfast Club*, Molly Ringwald, aliyeigiza Claire, alikuwa na miaka 16 na Judd Nelson, kijana mkorofi anayemsumbua, 24. Kuna mahali anajificha chini ya meza na kumdhalilisha msichana, na mwisho wa filamu msichana huyohuyo anampa hereni yake. Mwaka 2018 Ringwald mwenyewe aliandika makala katika jarida la *The New Yorker* jinsi alivyoitazama filamu ile pamoja na binti yake mdogo na yaliyomkera akiwa sasa ni mama. Isome kama Kiingereza hakikusumbui. Ameipenda filamu na ameishitaki, vyote kwa pamoja, na hakuna mchambuzi aliyefanya hivyo vizuri kama yeye.

Hata swali la nani anahesabiwa kuwa amekua lina upendeleo wake. *American Graffiti* ya George Lucas, ya 1973, inafuata vijana wa Modesto, California, usiku mmoja wa mwaka 1962. Mwishoni maandishi yanatueleza hatima yao: mmoja aliuawa na dereva mlevi, mmoja alipotea vitani Vietnam, mmoja akawa wakala wa bima, mmoja ni mwandishi anayeishi Kanada. Wavulana wanne. Wasichana tuliokaa nao usiku kucha hawakuandikiwa hata mstari.

(Nikiwa bado huko: katika *Mean Girls* ya 2004 shujaa ni msichana wa Kizungu aliyelelewa "Afrika", na siku za kwanza shuleni anawasalimia wanafunzi weusi wa Kimarekani kwa "Jambo!" Wanamkodolea macho. Ni utani, na mzaha unamwangukia yeye, lakini utaona bara zima halina hata nchi moja yenye jina.)

Umeuliza kama zipo zinazofanya vingine. Zipo, na alama yake ni kwamba mzazi amerudi kwenye picha.

*Lady Bird* ya Greta Gerwig, ya 2017, inatokea Sacramento katika mwaka wa shule wa 2002 na 2003. Ina kila ulichokitaja: prom, wavulana, safari ya chuo. Lakini moyo wake ni ugomvi wa Christine na mama yake, muuguzi anayefanya zamu mbili na kuhesabu kila senti. Binti anaomba vyuo vya mbali kwa siri, baba akijua. Mama anapogundua, ananyamaza. Uwanja wa ndege anakataa hata kushuka kwenye gari. Anazunguka na gari, anaanza kulia, anarudi mbio, na binti ameshapita. Baadaye, New York, Christine anakuta barua ambazo mama alikuwa akianza kuandika na kutupa, baba akaziokota na kuzitia kwenye begi. Ndipo anapopiga simu nyumbani. Hakuna mwenzake wa rika anayeshuhudia simu hiyo. Kukua kwake ni kumwona mama yake kama mtu mwenye woga wake na shida zake, na hilo haliwezekani kwenye filamu ambayo mama ameondolewa tangu dakika ya kwanza.

*Boyhood* ya Richard Linklater, ya 2014, inafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Ilipigwa kidogokidogo kuanzia 2002 mpaka 2013, kwa waigizaji walewale, ili mtoto akue kweli mbele ya kamera. Hakuna usiku mmoja wa kubadilisha maisha. Nywele zinarefuka, baba wa kambo anakuja na kuondoka, sauti inabadilika. Na kijana anapofungasha kwenda chuo, anayelia ni mama, Patricia Arquette, aliyepata Oscar kwa kazi ile. Tunagundua tulikuwa tunatazama ujana wa mmoja na uzee wa mwingine.

Wafaransa waliwahi kulifikisha swali hili mbali zaidi, mapema zaidi. François Truffaut, katika *Les Quatre Cents Coups* ya mwaka 1959, anamfuata Antoine, mtoto wa Paris anayetoroka kituo cha watoto watukutu na kukimbia mpaka baharini. Anafika majini, anageuka, anatutazama, na picha inasimama hapohapo. Amekua? Hatuambiwi. Truffaut aliendelea kumrudia Antoine huyohuyo, kwa mwigizaji yuleyule Jean-Pierre Léaud, mpaka 1979, na kusema kweli bado hakuwa amekua sawasawa.

Sasa za huku kwetu. *Sarafina!* ya mwaka 1992, ya Afrika Kusini, wewe na mimi tuliitazama kama filamu ya mapambano na nyimbo. Itazame tena kama filamu ya kukua. Sarafina anamdharau mama yake, mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu, kwa kuinamisha kichwa. Anampenda mwalimu wake, anayewafundisha historia iliyokatazwa, mpaka polisi wanamchukua na anafia mikononi mwao. Wanafunzi wa Soweto wanapigwa risasi, Sarafina anafungwa na kuteswa. Akitoka, haendi kwenye dansi. Anakwenda kwa mama yake, aliyeigizwa na Miriam Makeba, kwenye nyumba ya waajiri, kumwomba radhi. Miaka 25 kabla ya *Lady Bird*, jambo lilelile, kwa gharama kubwa zaidi.

*Queen of Katwe*, ya Mira Nair, ya 2016, ni ya Uganda na pesa za Disney, lakini imeiepuka njia ya Disney mahali pamoja muhimu. Phiona anauza mahindi mitaa ya Katwe, anajifunza sataranji kwa kocha Robert Katende, anapanda ndege kwenda mashindano. Filamu ya kawaida ingeishia kwenye kombe. Hii inaishia kwenye nyumba aliyompatia mama yake. Kocha naye ni kungwi halisi: anajua lini amsogelee na lini amwache aanguke.

*Rafiki* ya Wanuri Kahiu, ya 2018, ilipigwa marufuku Kenya kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe siku saba. Hiyo ni ya watu wazima, na utaamua mwenyewe kama utaitazama. Naitaja kwa sababu ya Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, ambaye macho yake hayalali. Kwenye mtaa kama ule shahidi wa ujana hawi rika peke yake. Mtaa mzima ni shahidi, na ushahidi wake unaweza kukutoa damu. Wanaosifu wazee na jamii kwa urahisi wamtazame Mama Atim kwanza.

Utaniuliza mbona hatuna filamu kubwa ya unyago au jando lenyewe. Sababu mojawapo ni kwamba ni siri, na kamera haialikwi. Waafrika Kusini walijaribu na *Inxeba*, ya 2017, inayotokea kwenye kambi ya jando la Waxhosa. Viongozi wa mila walikasirika, na mwezi Februari 2018 ikapewa daraja la filamu za ngono mpaka mahakama ilipolifuta. Sishangai watayarishaji wetu wanapita mbali.

Lakini hawahitaji kuingia kumbini. Tunazo saa zetu wenyewe za kuvukia ambazo hakuna kambi ya siri inayozilinda. Mtoto wa Kimarekani anaondoka nyumbani akiwa na miaka 18, kwa hiyo kuondoka ni kilele cha filamu yake. Wa kwetu wengi wanaondoka na sanduku la bati na godoro wakiwa na miaka 13 au 14 kwenda bweni, kwa hiyo kuondoka ni ukurasa wa kwanza. Kilele chetu ni matokeo ya kidato cha nne. Ile wiki ambayo Baraza la Mitihani linatangaza, ukoo mzima uko kwenye simu, na namba ya mtahiniwa inajulikana mpaka na mjomba aliyeko Muscat. Mashahidi wangapi hapo! Na Jeshi la Kujenga Taifa je? Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa 1994, yakarudi 2013, na wahitimu wa kidato cha sita wanakwenda makambini. Wanatengwa na nyumbani, wanalala pamoja mtoto wa tajiri na wa mkulima, wanakimbizwa mchakamchaka na afande anayewafokea alfajiri, kisha wanarudi wamekonda na wamebadilika sauti. Hatua zote tatu za van Gennep zimekamilika, na kuna mkubwa anayesimamia, awe mwema au la. Ningelipa kiingilio kesho kuiona filamu hiyo.

Kuhusu binti yako, usimkataze. Kaa naye kama ulivyofanya, na mkimaliza muulize maswali mawili tu: mkubwa gani ameondolewa ili hadithi iende, na ni nani aliyesema kwamba huyu sasa amekua? Anza na *Queen of Katwe*, ambayo mnaweza kuitazama hata na wadogo zake. *Sarafina!* ina vurugu na mateso, kwa hiyo muwe pamoja. *Lady Bird* ina maongezi na matukio ya kimapenzi. Itangulie wewe peke yako, uamue kama ni mwaka huu au mwakani. Ukiitazama, usishangae ukijikuta unamtetea yule mama kwenye gari, wakati binti yako atakuwa upande wa pili kabisa. Hapo acheni mbishane.